Betri ya Zahanati ya Rwabihanga

Kwa wiki saba mfululizo, muuguzi Koleta alikuwa ameisukuma Land Rova ya zahanati ya Rwabihanga mara nyingi kuliko alivyoipanda. Alikuwa ameisukuma akiwa na gauni jeupe la kazi. Alikuwa ameisukuma na mwavuli kwapani. Siku moja aliisukuma pamoja na mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali, ambaye aliona wasukumaji ni wachache, akashuka mwenyewe kusaidia. Siku hiyo Koleta alimwambia dereva wake kwamba gari la wagonjwa likishasukumwa na mgonjwa si gari tena, ni mzigo.

Dereva, jina lake Audax, alikubali. Audax alikubali kila kitu, na hilo lilimchosha Koleta kuliko betri yenyewe. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, mpole, msafi, mwimbaji wa sauti ya tatu kanisani, na kwa kila tatizo la gari alikuwa na mteremko. Bukiriro, kata yao, ni nchi ya vilima, basi Audax aliegesha kwenye kilima, akaachia breki, akaingiza gia, gari likakohoa likawaka. Ukimwuliza kuhusu betri, alisema ndiyo, Sista, nitaiangalia. Ukimwuliza kesho yake, alisema ndiyo, Sista.

Jumanne moja ya mwaka tisini na tano, mwaka wa pili tangu wakimbizi waijaze wilaya, walishuka mpaka Nyakanazi kupokea sanduku la chanjo ya surua lililokuja na lori kutoka Mwanza kupitia Kahama. Watoto wa Rwabihanga, wa wenyeji na wa wakimbizi, walikuwa wameambiwa waletwe Alhamisi. Sanduku lenyewe lilikuwa boksi la plastiki lenye kuta nene, ndani chupa ndogo ndogo za dawa zimezungukwa na vipande vya barafu. Koleta alilipokea kwa mikono miwili, akaweka sahihi, akalipakia mwenyewe nyuma ya gari. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Audax akazungusha ufunguo. Gari halikusema kitu. Hata taa nyekundu ya kwenye dashibodi haikuwaka.

"Uliegesha wapi?" Koleta aliuliza, ingawa aliona.

"Hapa tu, Sista. Mwenye lori alisema nisogee kwake."

Hapo palikuwa tambarare kama meza. Mbele kulikuwa na malori ya mahindi ya wakimbizi yamepangana, nyuma nyumba ya wageni, pembeni akina mama wanakaanga mihogo. Vijana sita waliitwa wakasukuma. Gari lilikwenda mpaka mwisho wa malori, Audax akaachia klachi, magurudumu yakaburuza, likasimama. Wakasukuma tena. Mara ya tatu mmoja wa vijana alisema betri hiyo imekufa kabisa, hata cheche ya kuwashia petroli haina, na kwamba hata wakisukuma mpaka Kahama haitawaka. Wakaondoka kwenda kunywa chai.

Koleta alisimama katikati ya vumbi akitazama saa yake. Barafu ile ingekaa mpaka kesho jioni, si zaidi.

"Kuna mzee anachaji betri hapo nyuma ya nyumba ya wageni," Audax alisema taratibu. "Wanasema ni fundi mzuri."

"Ulikuwa unamjua?"

"Ndiyo, Sista."

"Tangu lini?"

Audax akainama kufungua boneti.

Mzee Yahaya alikuwa na miaka sitini na kitu. Babu yake alikuja na biashara kutoka Pangani, wakabaki huku vizazi vitatu wakiuza nguo na chumvi Biharamulo, ila Kiswahili chao hakikubadilika. Mtu wa shule kama Koleta akisikia Yahaya akiongea, alijiona kama anasoma kitabu cha darasa la nne. Karakana yake ilikuwa paa la bati juu ya nguzo nne, wazi pande tatu ili upepo upite. Jenereta ilikaa mbali, nyuma ya ukuta. Kwenye benchi la mbao betri tano zilikuwa zimepangwa, na juu yake ubao umeandikwa kwa chokaa kwamba hapavutwi sigara na hapaguswi kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nimeona mnavyosukuma. Nikasema hawa watakuja."

"Nina chanjo za watoto kwenye gari. Naomba unitilie chaji ya haraka, hata nusu saa, tuondoke."

Yahaya alichukua spana, akaenda kwenye gari bila haraka, akawaita wote wawili waangalie. Kwanza alihakikisha ufunguo umetolewa. Kisha akalegeza waya wa kichwa hasi, akautoa, akausogeza pembeni, ndipo akagusa ule wa chanya.

"Hasi hutangulia kutoka, na hufuata nyuma wakati wa kurudi," alisema. "Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi ya gari, umejipigia fataki."

"Nimeelewa," Koleta alisema. "Na chaji?"

"Ugonjwa umeanza lini?"

"Wiki saba."

"Husumbua asubuhi, au hata mchana gari likitoka safari?"

Koleta alimgeukia Audax. Audax alisema asubuhi hasa. Yahaya akauliza kama gari hutembea kila siku. Akaambiwa mara mbili tatu kwa wiki, mafuta ni ya kupimiwa. Akauliza kama kuna aliyeongeza kitu ndani ya betri.

"Maji kidogo," Audax alisema.

"Maji gani?"

"Ya kisimani. Lakini niliyachemsha kwanza."

"Kuchemsha kunaua wadudu, mwanangu. Hakutoi chumvi. Betri haiugui tumbo."

Maswali haya yalimkera Koleta kwa namna ya pekee, kwa sababu aliyajua. Ndiyo maswali aliyowauliza yeye watu wanaofika zahanati wakidai sindano kabla hawajakaa. Umeanza lini kuumwa, umekula nini, umemeza dawa gani nyumbani. Nao humtazama hivyo hivyo alivyokuwa akimtazama Yahaya sasa, kama mtu anayewacheleweshea uhai wao kwa makusudi.

Betri ikawekwa juu ya benchi. Vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Yahaya alikoroga magadi kwenye maji ya moto, akamwagia, povu likachemka, akasugua kwa brashi, akasuuza, akakausha kwa kitambaa. Akavaa miwani ya plastiki na glovu za mpira, akafungua vifuniko sita kimoja kimoja. Kila chumba alikitazama kwa tochi. Koleta alimwambia huko kwao dereva mmoja humulika kwa kiberiti. Yahaya akasema basi dereva huyo ana bahati ya kuwa bado na nyusi.

Vyumba viwili vilikuwa vimekauka mpaka pleti za risasi zinaonekana. Akavijaza maji safi ya betri kutoka kwenye chupa, mpaka yafunike pleti tu. Kisha akachukua kipimo chake, mrija wa kioo wenye mpira juu na kijiti kinachoelea ndani, akavuta maji ya chumba cha kwanza ambacho hakukiongezea kitu. Kijiti kikazama karibu chote.

"Tindikali ikiwa na nguvu, kijiti huelea juu. Hapa imekuwa maji matupu." Akavuta ya chumba cha pili, cha tatu, cha tano. Kote kijiti kilizama sawasawa. Akagusisha nyaya za mita yake kwenye vichwa, sindano ikapanda kidogo tu. "Volti kumi na nusu. Betri nzima iliyoshiba husoma kumi na mbili na nusu na zaidi. Chumba kimoja kingekuwa kimekufa, kingetofautiana na wenzake. Hivi vyote vina njaa moja. Hii, mama, inanyonywa."

"Inanyonywa na nini?"

"Hilo nilitaka kukuulizeni nyinyi."

Audax alikuwa akitazama malori.

Koleta aliuliza itachukua muda gani. Yahaya akasema kwa chaji ya polepole, mpaka kesho alfajiri. Jenereta ingewaka mpaka usiku kwa sababu ya nyumba ya wageni, kisha betri ipumzike, kisha ipimwe tena. Koleta akasema hapana. Akasema ameona chaja za watu wengine zinapiga betri kwa saa moja tu. Yahaya akasema ni kweli, hata yeye anaweza. Angepandisha swichi ya chaja mpaka mwisho, betri ingechemka, ingetoa hewa ya kulipuka, pleti zingejikunja, na gari lingewaka mara moja hapa halafu lizimike Lusahunga porini.

"Wewe ukipewa mtoto aliyekonda kwa njaa," alisema, "humlishi sahani nzima ya ugali siku moja."

Koleta alichukia kujibiwa kwa kazi yake mwenyewe.

Yahaya akaunga vibanio vya chaja wakati swichi bado imezimwa, chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi, akaacha vifuniko vimelala wazi juu ya matundu, ndipo akawasha. Akaweka chaji ndogo. "Asiguse mtu," alisema, akaenda kuswali adhuhuri.

Mkewe, Bi Raya, ndiye aliyeendesha nyumba ya wageni. Alikuwa na jokofu la mafuta ya taa, na Koleta alimwomba nafasi ya kugandisha upya vipande vya barafu. Bi Raya alikubali mara moja. Koleta akaenda kuchukua sanduku, akalifungua, akakuta katikati ya chanjo za surua chupa mbili za soda ya machungwa.

Akamwita Audax.

"Nilijua utakuwa na kiu, Sista," Audax alisema. "Nikaona kuna baridi."

"Umelifungua hili sanduku mara ngapi?"

"Mara mbili. Kuweka moja, halafu nikaona niweke na yangu."

Koleta alizitoa soda zile, akazipanga kwenye meza ya Bi Raya kama vielelezo vya mahakamani. Alitaka kumwambia mengi. Alimwambia akae kwenye benchi chini ya mnazi uliochorwa ukutani, asiinuke, asimsaidie mtu yeyote jambo lolote mpaka aitwe. Audax akakubali.

Mchana ulipita kwa kuvuta miguu. Koleta alihesabu vipande vya barafu kila saa. Alikwenda karakana, akatazama betri, akarudi. Alikwenda tena. Watu wa malori walishaanza kumzoea, wakamsalimia kila akipita. Kufika saa kumi alikuwa amekwisha kumwuliza Yahaya mara nne kama imeingia, na mara nne Yahaya alikuwa amesema bado. Mara ya tano aliyasema maneno yake kwa sauti, akiwa mlangoni kwa Bi Raya: kwamba laiti angekuwepo mtu mmoja katika dunia hii wa kumwambia kama hiyo betri inaingia au haiingii.

Audax alisikia. Alikuwa amekaa saa tatu bila kusaidia.

Koleta alisikia mlio mmoja mfupi, mkavu, kama mfuko wa karatasi uliopasuliwa kwa kofi, kisha mtu akapiga kelele. Alipofika, Audax alikuwa ameinama mbele ya benchi, mikono usoni. Kipande cha waya kilikuwa chini. Vifuniko viwili vya betri vilikuwa vimerukia ukutani. Yahaya alikwisha kuzima chaja.

"Amegusisha waya vichwa viwili kuona cheche," Yahaya alisema, sauti yake imekauka. "Betri inatoa hewa, yeye anawasha moto juu yake. Kama vifuniko vingekuwa vimefungwa ingepasuka yote, saa hii tungekuwa tunaokota meno."

Koleta hakuwa anasikiliza. Alimshika Audax shingoni, akamvuta mpaka kwenye pipa la maji safi, akamlaza chali kwenye benchi na kichwa kikining'inia ukingoni. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa nguvu, ngozi ya shavu imeanza kuwa nyekundu. Akachota maji kwa kikombe, akaanza kumwaga kutoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili.

"Fungua jicho."

"Linawaka, Sista."

"Najua linawaka. Lifungue."

Dereva wa lori akaja mbio na kopo la magadi, akisema ndiyo yanayoua tindikali. Koleta akamwambia magadi ni ya vyuma na sakafu, akiyaleta karibu na jicho la mtu atamwogesha nayo yeye. Mwingine akaleta maziwa. Koleta akamwambia ayanywe. Akamwagiza Bi Raya achote maji mengine, akatazama saa: kumi na dakika nane. Nusu saa nzima, akajiambia, hata kama huyu mtu ataomba kufa. Alikuwa na hasira, lakini maji aliyamwaga taratibu, kikombe baada ya kikombe, akiishika kope kwa vidole viwili.

"Nilitaka kupima kama imeingia," Audax alisema. "Ulisema laiti angekuwepo mtu."

"Nilisema kwa Bi Raya. Fungua."

"Sista, kuna jambo."

"Lisubiri."

"Ni la betri."

Koleta hakuacha kumwaga. "Sema, lakini usifumbe."

Akasema. Kila jioni, Koleta akishaondoka kwenda kwa mama yake upande wa pili wa kilima, Audax aliifungua betri kwenye gari, akaibeba mpaka nyuma, kwenye banda la kufulia. Pale alikuwepo Nimpaye, yule mwanamke wa Burundi anayefua mashuka ya zahanati. Waliunga redio kubwa ya zamani aliyoiacha padri, wakaunga na kipaza sauti cha katekista, kile chenye mdomo kama tarumbeta, kwa sababu watu walikuwa wengi na redio peke yake haikuwafikia. Kulikuwa na kipindi cha kusoma majina. Fulani bin fulani wa kilima fulani anawatafuta watoto wake. Fulani yuko kambi fulani, mwenye kumjua aseme. Mwanzo walikuja wanane. Sasa walikuja zaidi ya mia, kwa njia ya miguu kutoka kambini, wakakaa kwenye nyasi mpaka majina yaishe. Halafu wakamwomba aiache redio, huenda wakayarudia.

"Betri za tochi hazipatikani," Audax alisema. "Duka lote limeisha tangu wakimbizi waje. Na ile redio inakula nane."

Koleta alijaza kikombe. "Ile sauti ninayoisikia jioni nikiwa kwa mama."

"Ndiyo."

"Si kwaya."

"Si kwaya, Sista."

Wiki saba alikuwa akilalamika kwamba kwaya ya Rwabihanga inafanya mazoezi kupita kiasi. Alikuwa amelalamika kwa katekista. Katekista naye alikubali.

"Nimpaye anawatafuta nani?"

"Watoto wawili. Walipotezana njiani, Oktoba ya mwaka juzi. Hukujua?"

Hakujua. Alijua Nimpaye anafua vizuri na kwamba haombi ruhusa. Alimwaga maji, akamwaga tena, na hasira haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kuna mama amesukuma gari akiwa na uchungu, Audax."

"Najua. Usiku ule sikuiunga. Wakarudi kambini bila kusikia." Akajaribu kufumba, Koleta akaifungua kope kwa nguvu. "Kila siku nilisema kesho nitakwambia."

Saa kumi na dakika arobaini Koleta aliweka kikombe chini. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, lakini Audax aliona vidole vyake, akavihesabu vitatu vikiwa vitatu na vinne vikiwa vinne. Akamfunika kwa kitambaa safi na kumwambia kwamba Alhamisi, daktari wa kambini akija, atakuwa wa kwanza kwenye foleni, mbele ya watoto.

Alfajiri Yahaya alipima tena. Betri ilikuwa imepumzika baada ya chaji. Kijiti kilielea juu katika vyumba vyote, mita ikasoma kumi na mbili na nusu. Koleta akaanza kufunga sanduku.

"Ngoja, mama," Yahaya alisema. "Hii ni kupima mtu amelala. Sasa tumbebeshe mzigo."

Akaifunga kwenye gari, chanya kwanza, hasi mwisho. Akashika mita kwenye vichwa, akamwambia Koleta azungushe ufunguo, maana Audax alikuwa na jicho moja. Stata ikaguna mara moja, mara ya pili ikavuta pumzi, ikanyamaza. Sindano ilianguka mpaka chini ya nane.

"Isingepaswa kushuka chini ya tisa na nusu," Yahaya alisema. "Pleti zimechoka. Betri ya gari hutoa nguvu nyingi kwa mara moja, halafu hurudishiwa. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, miezi miwili tu umeimaliza. Haitawasha injini tena."

Koleta aliegemea usukani. Alikuwa amelala Nyakanazi usiku mzima kwenye kitanda chenye kunguni akisubiri kitu hiki. "Kwa hiyo jana yote ilikuwa bure."

"Si bure. Jana hatukujua, leo tunajua. Na sikusema imekufa. Nimesema haitawasha injini. Redio haina shida nayo. Ukiiunga redio peke yake, bila tarumbeta, itakaa wiki nzima."

Alikuwa amesikia yote ya jana, nani hakusikia. Akaingia ndani akarudi na betri nyingine, iliyotumika lakini nzima, akasema wakae nayo mpaka jimbo la kanisa liwaletee mpya. Akaifunga, Koleta akazungusha ufunguo, injini ikawaka mara ya kwanza kwa sauti ambayo alikuwa ameisahau. Gari likiwa linaunguruma Yahaya alipima tena: kumi na nne. Gari lenyewe lilikuwa linachaji vizuri. Hapakuwa na ugonjwa wowote ndani yake, siku zote saba mara saba.

Njiani Audax alisema mara mbili kwamba anasikitika. Koleta, ambaye alikuwa anaendesha, alimwambia afunge mdomo na lile jicho.

Alhamisi watoto mia mbili na kumi walichanjwa. Daktari wa kambini aliangalia jicho akasema lingepona, na akauliza nani aliliosha. Jioni, badala ya kwenda kwa mama yake, Koleta alizunguka nyuma ya zahanati. Jua lilikuwa halijazama. Ile betri iliyochoka ilikuwa imewekwa kwenye kigae, hatua mbili kutoka jikoni ambapo mtu alikuwa anachemsha maharage.

"Nani ameiweka hapa?"

Akaihamisha mwenyewe, mpaka chini ya paa la banda, kwenye upepo. Akaeleza kwa sauti ya foleni ya chanjo: pasiwe na moto karibu, wala sigara, wala mtu kupima kwa waya, itapelekwa kwa mzee Yahaya kila gari likishuka, na Audax haigusi. Watu walikuwa wanakuja kwa njia ya chini, wanakaa kwenye nyasi wamesogeleana, kwa kuwa safari hii hapakuwa na tarumbeta. Koleta alikuwa bado anaeleza habari za glovu mzee mmoja wa kambini alipomgusa kiwiko.

"Sista, samahani. Wameanza."

Akanyamaza. Sauti ilikuwa ya mbali, yenye kukoroma. Kirundi kile kilikuwa karibu sana na Kihangaza, lugha ya kwao, hivyo alielewa kila neno: majina, vilima, majina ya baba. Hakuna aliyesogea. Mara moja msichana mmoja alisimama, akasikiliza jina la kilima, akakaa tena. Nimpaye alikuwa amepiga magoti mbele ya redio, mikono yake bado na sabuni ya mashuka. Majina yakaisha. Hayakuwemo ya watoto wake.

Watu walipoanza kuinuka, Nimpaye alimfuata Koleta.

"Sista, malori ya pale Nyakanazi yanatoka wapi?"

"Kila mahali. Kahama, Mwanza, Kigoma. Kasulu."

"Na Kasulu kuna kambi?"

"Zipo."

"Nikiandika karatasi, dereva anaweza kuibeba?"

Koleta alitaka kusema kwamba madereva hupoteza hata mihuri ya mahakama. Badala yake alitoa kalamu mfukoni na kitabu cha rufaa, fomu zile za kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, ambazo wilaya ilimpa hamsini kwa mwaka na hazikuruhusiwa kutumika kwa kitu kingine.

"Unajua kuandika?"

"Hapana."

"Basi kaa hapo. Majina yote mawili, na la baba yao, na kilima. Taratibu, nisikosee."

Nimpaye akakaa, akayataja. Koleta akaandika kwa herufi kubwa, akachana fomu. Alipoinua kichwa, yule msichana aliyekuwa amesimama alikuwa mbele yake, nyuma yake mzee wa kiwiko, na nyuma ya mzee foleni iliyofika mpaka kwenye nyasi. Akahesabu fomu zilizobaki. Thelathini na moja.

"Audax," aliita, amechoka. "Kalete madaftari ya kliniki. Yale mapya. Yote."

"Ndiyo, Sista."

"Na taa," akasema, akamgeukia msichana. "Haya. Unamtafuta nani?"